Kupokonya silaha ni kuchukua bunduki tu?

Juzi tumekaa stejini kwa boda tunabishana habari za Karamoja, kule kwa wafugaji kaskazini mashariki mwa Uganda, kijana mmoja akasema kupokonya silaha si ni kumnyang'anya mtu bunduki tu, yameisha? Mzee mmoja aliyekuwaga jeshini akacheka, akamuuliza, "We kijana, bunduki inatoka mkononi kwanza ama kichwani?"

Maana ya kawaida ni hiyo ya kijana, unamwacha adui bila cha kukupigia. Lakini angalia Karamoja yenyewe. Rais Idi Amin alipoanguka 1979 watu walivunja ghala la silaha kwenye kambi ya Moroto, bunduki zikasambaa, mwenye ng'ombe akaona bila bunduki ng'ombe si wake. Desemba 2001 serikali ikaanza kuzikusanya, mwanzo kwa hiari, unaleta bunduki unapewa mabati ama plau ya kukokotwa na ng'ombe. Wengi wakaleta kweli. Sasa jirani hakuleta, Waturkana kule ng'ambo Kenya nao wanazo, halafu 2002 wanajeshi wengi wakahamishwa kwenda kupigana na LRA, waasi wa Joseph Kony, kwa hiyo aliyetii ndiye akaporwa ng'ombe, na hiyo plau ataifunga kwa nani, kwa mbuzi? Watu wakanunua bunduki tena. 2006 jeshi likaja kwa nguvu, linazingira manyatta, yaani maboma ya wafugaji, alfajiri na kusaka, na bado 2021 ikabidi operesheni ianze upya. Mimi naona walichukua chuma, woga wakauacha.

Kwa waasi ilikuwa tofauti kidogo. Sheria ya msamaha ya 2000 ilimwambia mpiganaji toka msituni, kabidhi silaha, hushtakiwi, na zaidi ya watu 20,000 wakatoka, maana walipata pa kurudi.

Kwenye siasa silaha ya mpinzani ni mdomo wake na watu walio nyuma yake, hiyo huwezi kuizingira alfajiri, unampa kiti. Julai 2022 Norbert Mao, kiongozi wa chama cha upinzani cha DP, alisaini makubaliano na chama tawala cha NRM akawa waziri wa sheria. Yeye alisema ni kutafuta mabadiliko ya amani, sawa, lakini hapo akitaka kuipiga serikali mawe, na yeye yumo ndani ya nyumba.

Hata stejini tunafanya hivyo bila kujua. Abiria anakuja amefura eti umemzungusha, unamwambia "samahani mzee wangu, kosa langu, leta nusu tu," basi anabaki amesimama pale na hasira zake, hajui azipeleke wapi.