Uanagenzi wa uwakili: yanayosemwa Kisumu na yalivyo kweli

Barua za kuomba uanagenzi zikifika ofisini kwetu hapa Milimani, Kisumu, mimi ndiye huzisoma kwanza. Uanagenzi ninaousema ni ile miezi sita ya kufanya kazi chini ya wakili mzoefu, ambayo wanafunzi wenyewe huiita pyupileji. Bila hiyo huapishwi mbele ya Jaji Mkuu, hata ukipita mitihani yote ya Baraza la Elimu ya Sheria. Nimesoma barua za kutosha kujua kwamba vijana wengi wazuri hawaangushwi na alama. Wanaangushwa na maneno waliyoyasikia kwa waliowatangulia, wakayaamini bila kuuliza.

Neno linaloniuma zaidi ni kwamba sheria ya biashara iko Nairobi tu. Kijana amesomea Kabarak au Egerton kule Nakuru, akaenda Karen kwenye Shule ya Sheria ya Kenya, na akishafika huko anaapa harudi, maana huku kwetu eti ni kesi za mashamba na talaka. Ni kweli kwamba mikataba mikubwa kabisa, kama kampuni kuuza hisa katika Soko la Hisa la Nairobi, hufanyiwa Nairobi. Kama roho yako iko huko, omba huko. Lakini tembea mtaa wa Oginga Odinga uhesabu matawi ya benki. Benki hizo zinakopesha watu wa hapa, na mkopo unaodhaminiwa kwa ardhi lazima uandikiwe hati na usajiliwe. Kuna vyama vya akiba na mikopo, viwanda vya sukari kuanzia Kibos hadi Muhoroni, na wasafirishaji wanaovusha mizigo Busia na Malaba. Wote hao wana mikataba, wana wafanyakazi, wana madeni. Wakikosana, Kisumu ina Mahakama Kuu, ya Mazingira na Ardhi, ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na hata kituo cha Mahakama ya Rufani.

Kazi yenyewe ni hivi. Mteja ananunua ardhi upande wa Ahero kwa shilingi milioni 10. Mwanagenzi anaambiwa akadirie ushuru wa stempu, ile kodi inayolipwa serikalini ardhi ikibadilisha mwenyewe. Ardhi hiyo iko ndani ya manispaa au nje? Ndani ni asilimia 4, nje ni asilimia 2. Akikosea, ametofautiana na ukweli kwa shilingi 200,000, na pesa hizo zinatoka mfukoni mwa mteja ambaye ameketi pale kwenye benchi la mapokezi anakusubiri. Hiyo ni sheria ya biashara, na katika ofisi ndogo utaishika kwa mikono yako wiki ya kwanza.

Tena usidhani ukiomba kazi ya biashara umeiepuka mahakama. Kwa ofisi za huku, wakili aliyeandika hati ya mkopo Jumatatu ndiye huyo huyo anayeitetea kortini Alhamisi. Utabeba majalada na utakaa masjala ukifuatilia faili. Wakili wako akisimama mbele ya jaji utakaa nyuma yake uandike, kwa sababu wewe bado hujapata haki ya kuzungumza kama wakili.

Dhana ya pili ni ya hesabu: tuma barua hamsini, moja itashika. Siwezi kuwalaumu, hofu ya kukosa nafasi naijua. Ila ninaona upande wa pili wa meza. Nimewahi kufungua bahasha, nikakuta barua nzuri ya kurasa mbili inayosema mwombaji amevutiwa na idara yetu ya masoko ya mitaji. Sisi ni mawakili wanne, na hatuna idara. Chini zaidi, jina la kampuni nyingine ya mawakili lilikuwa limesahaulika katikati ya sentensi. Sikucheka. Nilihuzunika, kwa sababu alama za yule kijana zilikuwa bora kuliko za wote waliotuandikia mwezi ule.

Barua niliyoiweka kando siku hiyo hiyo ilikuwa ya nusu ukurasa. Mwandishi wake alikuwa ameingia kwenye tovuti ya Kenya Law, ambako maamuzi ya mahakama husomwa bure, akatafuta jina la ofisi yetu. Akapata kesi ambayo tuliitetea benki iliyotaka kuuza nyumba ya mdaiwa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mdaiwa apewe kwanza notisi ya miezi mitatu alipe, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Yeye aliandika kwamba amesoma uamuzi, ameelewa kwa nini mnada ulisimamishwa, na angependa kujifunza jinsi ofisi inavyohakikisha notisi zimemfikia mtu kweli, hasa anwani ya posta ikiwa ni ya zamani. Ndilo swali lililotusumbua sisi wenyewe katika kesi ile. Tulimpigia simu kesho yake asubuhi.

Kwa hiyo barua kumi zilizofanyiwa kazi. Taja ofisi inafanya nini, wewe umefanya nini kinachokaribiana na hilo, na lini uko tayari kuanza. Wasifukazi kurasa mbili zinatosha. Kama ulisaidia duka la mama yako Kibuye kuweka daftari la madeni, iandike. Anayejua mkopo unavyomkaba mfanyabiashara tayari anajua kitu ambacho darasani hakifundishwi.

Halafu kuna hili la kujuana. "Bila mtu wa kukushika mkono huingii." Sitawadanganya, miji yetu ni midogo na jina husaidia. Mimi mwenyewe nilipokuwa natafuta nafasi, mjomba aliniambia nitulie, anamfahamu mwenye ofisi fulani na mambo yamekwisha. Nilitulia miezi minne. Nilipokwenda, nafasi zilikuwa zimejaa na hakuna aliyekuwa amelisikia jina langu. Miezi ile minne ningeandika barua zangu mwenyewe. Na mara nyingi huko kujuana tunakokuonea kijicho ni kitu cha kawaida tu: karani au wakili aliyekuona ukifanya kazi. Omba atachimenti, yaani kujifunza kazi ofisini kwa muda ungali mwanafunzi, likizo ya mwaka wa tatu. Nenda ukasikilize kesi, maana mahakama ziko wazi kwa umma. Peleka barua kwa mkono, umsalimie dada wa mapokezi kwa heshima, kwani mara nyingi huwa tunamuuliza yeye aliyeleta barua ni mtu wa namna gani.

Alama za daraja la kwanza? Baadhi ya kampuni kubwa huzitazama kwanza, ndiyo. Ofisi nyingi za Kisumu, Nakuru na Eldoret hutazama kama unaweza kuandika aya moja bila makosa.

Kwenye usaili, wengi huja wamekariri vifungu vya Sheria ya Kampuni ya 2015. Sisi huuliza kitu cha nyumbani. Kwa mfano, kampuni ya sukari ya Mumias iliwekwa na benki ya KCB mwaka 2019 chini ya mrasimu, yaani mtu anayeteuliwa na mkopeshaji kushika mali ya mdaiwa ili deni lilipwe. Kati ya mkulima wa miwa ambaye hajalipwa, na benki yenye dhamana iliyosajiliwa, nani hutangulia kulipwa? Kisheria, mwenye dhamana hushika mali aliyowekewa, na mkulima asiye na dhamana husubiri kilichobaki. Mwombaji akishasema hivyo, ninamuuliza angemshauri nini mkulima kabla hajapeleka miwa yake kwa mkopo. Hapo ndipo nasikia kama mtu anafikiri. Asiyejua akisema, "Wakili, hilo sijui, lakini ningeanzia kwenye mkataba wao," huyo bado yuko mchezoni.

Kuhusu pesa, watu huambiana kuuliza posho ni utovu wa adabu. Si kweli. Ofisi nyingine hutoa kiasi cha kueleweka, nyingine nauli tu, nyingine hakuna. Ukishapewa nafasi, uliza kwa upole na uombe iandikwe. Kijana anayepanga chumba Nyalenda na kula kwa pesa zake miezi sita ana haki ya kujua mapema.

Na kabla hujasema ndiyo, mwangalie atakayekusimamia. Awe amefanya uwakili kwa muda usiopungua miaka mitano, na awe na cheti cha mwaka huu, kwa sababu vyeti huisha kila Desemba 31. Chama cha Mawakili Kenya kina ukurasa wa kutafuta jina la wakili mtandaoni. Ni kazi ya dakika mbili. Fanya hivyo hata kama ni rafiki wa baba yako, na ukikuta cheti hakijahuishwa, muulize mapema, kabla ya fomu zako kupelekwa Shule ya Sheria.