Kondoo Aliyeparurwa na Mbwa Mwitu: Kwa Nini Kuchinja Hakumhalalishi

Aliyesoma fikihi ya Kiislamu atakumbuka kwamba aya ya 3 ya Sura Al-Maida inaharamisha mnyama aliyeliwa na mnyama mkali, kisha inamtoa katika uharamu huo yule aliyewahiwa kuchinjwa angali hai. Katika sheria ya Kiyahudi, ambayo ndiyo ninayoifundisha, kisu hakina uwezo huo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinaamuru nyama iliyoraruliwa porini watupiwe mbwa, na marabi walifasiri kwamba hukumu hiyo, iitwayo terefa, humshika mnyama tangu apate jeraha ambalo hawezi kuishi nalo miezi 12, hata kama bado anatembea na kula majani. Kumchinja kwa utaratibu kamili humwondolea najisi ya mzoga tu, kuliwa, haliwi.

Hata hivyo, si kila aliyeparurwa ni terefa. Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya marabi wa kale, katika juzuu ya Hulini, inaeleza kwamba kinachoua ni sumu inayoachwa na ukucha unapochomolewa, na masharti yote yanatokana na hoja hiyo: mshambulizi awe ametumia mguu wa mbele wala si wa nyuma, ukucha wala si jino, awe amekusudia, na awe hai wakati ukucha unatoka. Nguvu zake nazo hupimwa, kwani Rabi Yehuda alimtaja mbwa mwitu kwa kondoo na mbuzi, na simba kwa ng'ombe. Mbwa hahesabiwi kabisa.

Ninapoifundisha mada hii hukawia zaidi kwenye shaka, kwa sababu hapo marabi wanazungumza kama watu waliochunga mifugo. Simba ameingia katikati ya ng'ombe, na hakuna aliyeona kilichotokea. Akiwa ametulia kati yao, husemwa kwamba amepatana nao. Akiwa amemkata kichwa mmoja wao, hasira yake imekwisha. Wakinguruma yeye na wao, wanatishana. Katika hali hizo tatu ng'ombe waliobaki hawashukiwi. Mzozo uko pale simba anaponyamaza na ng'ombe wakalia: je, wanalia kwa sababu amewadhuru, au kwa hofu tu? Kati ya marabi wawili wa Talmudi, Rav hakuona sababu ya kushuku, Shmueli alishuku, na hukumu ikafuata tahadhari. Katika karne ya 12 Maimonidesi, mwanasheria wa Kiyahudi, aliandika kwamba mnyama wa namna hiyo ni haramu hadi achunguzwe ndani baada ya kuchinjwa, kutafuta wekundu wa nyama unaoonyesha kwamba sumu imefika.