"Kinubi cha Kikelti" ni kinubi kipi hasa?

Maana yenyewe ni fupi. Siku hizi jina hili hupewa kinubi kidogo cha nyuzi za nailoni au za utumbo, chenye vishikizo juu vya kupandisha sauti nusu toni. Basi. Kinachokera ni kuambiwa kila mara kwamba ala hiyo ina maelfu ya miaka, halafu mfano unaowekwa ni wimbo wa Kiayalandi usio na kinubi hata kidogo.

Tuanze na "Kikelti". Wagiriki wa kale waliwaita Keltoi watu fulani wa bara la Ulaya. Jina hilo lilifika Ayalandi kwa mkono wa wanaisimu: mwaka 1707 Edward Lhuyd, msomi wa Wales aliyekuwa Oxford, alichapa kitabu kilichoonyesha undugu wa Kiayalandi, Kiwelisi, Kikornishi na Kibretoni, na ndipo lugha hizo zikazoeleka kuitwa za Kikelti. Ni jina la ukoo wa lugha, kama Kibantu. Nani kwetu angekusanya taarab ya Unguja na nyimbo za Wazulu, akaziita "muziki wa Kibantu wa kale"? Kinubi chenyewe kilienea kwa jina hilo miaka ya 1970, kupitia mpiga kinubi Alan Stivell, na huyo ni Mbretoni wa Ufaransa.

Kinubi cha Ayalandi ya zamani kiliitwa cláirseach. Nyuzi zake zilikuwa za waya, zikipigwa kwa kucha, na mlio wake ulidumu kama wa kengele. Mwaka 1792 wapiga vinubi wa mwisho walikusanywa Belfast, na kijana wa miaka 19, Edward Bunting, akaajiriwa kuandika tuni zao. Kati yao Denis Hempson, mzee wa zaidi ya miaka 90, bado alipiga kwa kucha ndefu. Baada ya kizazi hicho mnyororo ulikatika. Vinubi vidogo vya utumbo alivyounda John Egan mjini Dublin mwanzoni mwa karne ya 19 ndivyo vilivyo karibu na hivi vya leo.

Nyimbo zina njia yake. Bunting hakujua Kiayalandi. Aliandika tuni bila maneno, hadi mwaka 1802 alipotumwa Patrick Lynch, mjuzi wa Kiayalandi, kwenda Connacht, magharibi mwa Ayalandi, kuyatafuta. Huko watu walikuwa wakiimba tu, na waliendelea kuimba vinubi vilipokwisha. Uimbaji huo huitwa sean-nós, yaani namna ya kale (ingawa lebo hiyo ni ya wakati wa mwamko wa lugha ya Kiayalandi, uliozaa tamasha la Oireachtas mwaka 1897). Mwimbaji huwa peke yake, bila ala, bila mapigo ya kuhesabu. Madoido yote yamo kooni. Msikilizeni mwimbaji Joe Heaney wa Carna, kijiji cha Connemara huko Connacht, aliyefariki mwaka 1984. Ukimwekea kinubi nyuma yake utakuwa umemharibia pumzi.

Kwa hiyo, jamani, sauti tupu ya mtu wa Connemara tuiite sean-nós. Kinubi cha waya ni cláirseach. Hicho cha nailoni kiiteni cha Kikelti mkipenda, duka lolote la ala litawaelewa. Ila ule umri wa maelfu ya miaka muuondoe kwenye maelezo.