Kifungu cha 36 hakilali bwenini

Wazazi hapa Nakuru huniuliza kama kuna sheria ya kuzuia uonevu shuleni. Ipo, ila usitafute neno “uonevu” ndani yake. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa, kimwili na kisaikolojia. Anayekiuka hutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Kifungu hicho kinambana mwalimu mwenye kiboko kuliko mwanafunzi wa kidato cha nne anayemtesa mono, yaani mgeni wa kidato cha kwanza. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto ambaye hajafika miaka 12 hana hatia ya jinai, na mahakama haimfungi gerezani aliye chini ya miaka 18. Mimi naunga mkono hilo. Lakini basi ile miezi 6 haimtishi mwanafunzi aliye chini ya miaka 18.

Kesi nyingi hufia kwenye ushahidi. Mtoto hupigwa baada ya masomo ya usiku, kabla taa hazijazimwa, mwalimu wa zamu akiwa ameshaondoka na kiranja ndiye mpigaji. (Viboko vilifutwa 2001; shule inayomwachia kiranja aadhibu imevirudisha kichinichini.) Mzazi anayetoka Molo kwenda Kakamega siku ya kutembelea watoto hukuta alama zimefifia na mashahidi wameshatishwa.

Ukipata habari, mpeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo na utunze karatasi za matibabu. Piga ripoti kituo cha polisi kilicho karibu na shule, si cha nyumbani kwenu, uchukue nambari ya OB (daftari la matukio la polisi) na fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Barua kwa mkuu wa shule iwe na nakala mbili, moja ubaki nayo ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Ukiandika “mwanangu anaonewa”, utajibiwa “tunafuatilia”. Andika: “Jumanne, saa nne usiku, alilazwa chini ya kitanda, wawili waliona.” Hapo bodi ya shule ina jambo la kujadili. Wakinyamaza, nenda ofisi ya watoto ya kaunti, au upige 116, bila malipo.

Shuleni kwenyewe, matroni anayezunguka bwenini katika nusu saa ile ya kabla taa kuzimwa husaidia kuliko tangazo la gwaride. Kwenye mkutano wa wazazi omba kuona daftari la matukio ya bweni, na usome tarehe ya mwisho iliyoandikwa humo.