Mara nyingi kinyonga habadili rangi ili kujificha

Mtu asiye na msimamo tunamwita kinyonga, tukiamini mnyama huyo huiga rangi ya chochote anachokanyaga. Si kweli. Mweke juu ya kitambaa chekundu, hatageuka mwekundu. Kinachomficha ni rangi yake ya kawaida, kijani au kahawia. Anapoibadili, mara nyingi anatoa ujumbe: dume akikutana na dume mwenzake hung'aa kumtishia, na akishindwa hufifia. Kukiwa na baridi, wengine huwa weusi zaidi ili kunasa joto la jua.

Mwaka 2015 wanasayansi wa Geneva walieleza siri ya kinyonga mmoja wa Madagaska, nami bado inanistaajabisha: ndani ya ngozi mna fuwele ndogo mno zinazoakisi mwanga. Akitulia, fuwele hizo hukaribiana, akisisimka huachana, na kijani kinageuka njano.