Matirio za 2D kwenye kompyuta: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Matirio za 2D ni vitu vyembamba vya tabaka moja au machache tu ya atomu. Hii nakutana nayo kila siku, eti sisi watu wa hesabu za kompyuta tunasubiri wa maabara wagundue ndo tuje kuthibitisha. Sio kweli kabisa. Mwaka 2011 Bistritzer na MacDonald kule Texas walikokotoa kwamba ukilaza karatasi ya grafini (tabaka moja la atomu za kaboni) juu ya nyingine halafu ukaizungusha kidogo tu, kama digrii 1.1, elektroni zinapungua mwendo karibu kusimama, na ikachukua mpaka 2018 ndo kundi la Jarillo-Herrero pale MIT wakaitengeneza, wakaipoza hadi kelvini 1.7 hivi, yaani nyuzi -271 za Selsiasi, na umeme ukapita bila ukinzani. Hesabu ilitangulia miaka saba! Na sio kubonyeza batani, kwenye pembe hiyo kipande kimoja kinachojirudia kina atomu kama 11,000.

Dhana nyingine, eti namba yako ikikaribiana na ya maabara basi umepatia. Hapa naomba tuelewane maana wengi wanaanguka hapa. Chukua MoS2 (molibdeni na salfa), ile ile ya kwenye grisi nyeusi mafundi wanayopaka jointi za gari. Ukiibandua mpaka ibaki tabaka moja, inaanza kunyonya mwanga kwenye eV 1.9 hivi (eV ni kipimo cha nishati). DFT, njia ya kukokotoa elektroni kwenye kompyuta, kwa toleo lake la kawaida liitwalo PBE, inakupa pengo la nishati (nishati ya kuirusha elektroni hadi iwe huru) kama 1.7, watu wanashangilia. Lakini mwanga ukiirusha elektroni inaacha tundu nyuma yake, na kwenye kitu chembamba vile hivyo viwili vinavutana kwa nguvu mno, kwa hiyo pengo lenyewe ni kubwa zaidi, hesabu za GW, njia nzito na sahihi zaidi, zinalipeleka 2.5 au zaidi, na ule mvutano ndo unashusha mwanga hadi 1.9. PBE imekosea chini, mvutano haujahesabiwa, makosa mawili yamefutana.

Eti 2D haina unene? Grafini inahesabiwa nanomita 0.335. Ila programu inarudia seli yako (kile kipande kidogo kinachojirudia) pande zote tatu, usipoacha nafasi tupu juu, angstromu 15 hivi (nanomita 1.5), karatasi zinaanza kuathiriana.

Na wanaosema bila supakompyuta ya Ulaya huwezi, jamani, seli ya grafini ina atomu mbili tu, Quantum ESPRESSO, programu ya hesabu za DFT, ni ya bure na laptopu inaiweza. ASESMA, shule ya Afrika ya kufundisha hesabu hizi, ilishafanyika Eldoret 2012, ikaja Kigali 2023. Anza na hizo atomu mbili, panda ecutwfc (namba ya kwenye faili inayopanga usahihi wa hesabu) 40, 50, 60, uangalie nishati inatulia wapi.