Onyo linalokuja kazi ikishaisha

Juzi nilikaa pembeni ya mwenzangu akisakinisha kifurushi kwa npm, zana ya kushusha na kusakinisha vipande vya programu vya JavaScript. Mistari ikapita kwenye terminali, mwishoni ikatokea ile tuliyoizoea: kasoro 12 za usalama zimepatikana, 3 kati yake za hatari kubwa. Yeye alishaanza kuandika amri nyingine. Nikamuuliza onyo limesema nini. Akanijibu, "Onyo lipi?"

Simlaumu hata kidogo. Kazi yangu ni kutengeneza zana za usakinishaji, na kosa hili ni letu sisi tunaoandika maonyo hayo.

Tatizo kubwa ni wakati. npm imekuwa ikitoa hesabu hiyo tangu toleo la 6, mwaka 2018, lakini huitoa vifurushi vikiwa vimeshatua kwenye diski. Kifurushi kinaweza kubeba skripti, yaani amri zilizoandikwa tayari, inayoendeshwa palepale kinaposakinishwa, kwa ruhusa zote alizonazo mtumiaji. Oktoba 2021 akaunti ya mtunzaji wa ua-parser-js, kifurushi kimojawapo cha npm, ilitekwa, yakapandishwa matoleo yenye skripti ya kushusha programu ya kuchimba sarafu za kidijitali. Kwenye Windows ilishusha na nyingine ya kuiba manenosiri. Hata kama npm ingelijua hilo siku ileile, hesabu yake ya mwisho ingemkuta mwizi keshatoka na mzigo.

Tazama apt, zana ya kusakinisha programu kwenye Linux za Debian na Ubuntu, inavyofanya. Ikikuta vifurushi ambavyo saini yake ya kidijitali, ile inayoonyesha vimetoka kwa nani, haithibitiki, husimama kabla ya kugusa chochote, huvitaja kwa majina, kisha huuliza. Ukibonyeza Enter bila kusoma, jibu ni hapana. Na ukiwa umeiambia mapema ikubali kila kitu kwa kuongeza -y kwenye amri, bado inagoma, mpaka uitoe ruhusa hiyo waziwazi. Napenda sana uamuzi huo: mvivu na mwenye haraka wote wanabaki salama.

Halafu kuna kelele. Kasoro ya kuchelewesha programu kwa maandishi ya hila hupewa alama ya hatari kubwa hata ikiwa ndani ya zana inayosoma mafaili yako mwenyewe tu. Mtu akiona nyekundu ya namna hiyo kila siku, macho yanajifunza kuiruka, na siku ya hatari ya kweli ataiona kama zile nyingine.

pnpm, zana nyingine ya kazi ileile ya npm, katika toleo la 10, la 2025, imekwenda mbali zaidi: skripti za vitegemezi, yaani vifurushi ambavyo programu yako inavitegemea, haziendeshwi hadi uziruhusu. Kwenye zana ninayoiandika sasa nimefuata njia hiyo, na onyo lenyewe nimelifupisha hivi:

"Kifurushi hiki kinataka kuendesha skripti kwenye kompyuta yako. Toleo lake limewekwa saa 3 zilizopita. Kiruhusiwe? [n]"

Hiyo [n] ni "hapana", jibu la atakayebonyeza Enter tu. Umri wa toleo nimeuweka makusudi, kwa sababu matoleo yenye sumu mara nyingi hugunduliwa na kuondolewa ndani ya saa chache. Kwenye seva ambako hakuna mtu wa kujibu, zana inasimama na kurudisha kosa.